Sidi ya Mdogo Wangu

Mama yangu alikuwa na sidi mbili za kwanjula, yangu na ya mdogo wangu, na kila mgeni aliyeingia nyumbani kwake Kibuli alionyeshwa ya mdogo wangu.

Kwanjula ni ile siku mchumba anapokuja na watu wake kwa wazazi wa binti kujitambulisha na kutoa mahari, na hapa Kampala tunaipa uzito kuliko harusi yenyewe. Hata sisi ambao asili yetu ni kaskazini, watoto wa kambi ya polisi tuliokua tukiongea Kiswahili, tumeichukua ikawa yetu. Ikiisha, kinachobaki ni sidi. Sidi inakaa sebuleni karibu na deki, na mgeni akishaketi tu, hata chai haijachemka, anawekewa atazame. Ndiyo heshima yake. Mgeni akisema ana haraka, ataonekana ana roho mbaya.

Basi nifikirie mimi, mtoto wa kwanza, nimekaa kwenye kochi nililonunua mimi, nakunywa chai ya sukari niliyoleta mimi, namtazama mdogo wangu akitoka ndani kwa madaha mbele ya wakwe zake. Kwa mara ya ngapi, sijui. Mandazi nayarudisha kwenye sahani.

Ingekuwa sidi yake ni nzuri, ningenyamaza. Lakini haikuwa nzuri! Yangu ilipigwa na watu wa studio ya mjini, kamera mbili, moja imepandishwa juu ya ngazi. Baba alikuwa hai, sajenti wa polisi, amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake, ameketi wima kana kwamba yuko kwenye gwaride. Kuliani kwake ameketi mama mkubwa, mke wake wa kwanza, aliyeletwa kwa basi kutoka Arua, kwa sababu katika ukoo wa baba kiti cha mama wa binti ni cha mke mkubwa hata kama binti hakumzaa yeye. Gomesi yake, lile gauni refu la mkanda tunalovaa siku za heshima, ya rangi ya dhahabu, ilimeremeta ikajaza kioo chote. Wageni walishusha vikapu kutoka kwenye lori, na ng'ombe mwenye utepe shingoni. Mimi nilitoka na mavazi matatu, na kila vazi lilikuwa na wimbo wake. Mtu akiitazama sidi ile anajua kwamba hapa palikuwa na watu.

Sasa njoo kwenye ya mdogo wangu. Baba ameshafariki, na mama mkubwa naye ameshafariki. Mvua inanyesha. Mpiga picha ni jirani aliyeazima kamera, na tone moja la maji limemng'ang'ania kwenye lenzi tangu mwanzo mpaka mwisho, hivyo kila anayepita upande wa kushoto anavimba kichwa. Jenereta inazimika, msemaji wetu anapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Mbuzi wa mahari anakata kamba na vijana wanamkimbiza kwenye matope. Kwenye viti vya mbele ameketi baba mdogo, na pembeni yake mama, amevaa gomesi ya bluu ya kizamani, mabega yamechongoka juu kwa mtindo ambao hata wauza mitumba wangeukataa. Nilikuwa nimemwambia nitamshonea mpya. Alikataa katakata.

Hiyo ndiyo sidi aliyoichagua. Nami nilikuwa na jibu langu tayari: anampenda mdogo wangu kuliko mimi. Mdogo wangu anaishi Ggaba, mume wake anauza samaki, na akija kumwona mama anakuja na ngege mmoja kwenye mfuko wa plastiki. Ngege mmoja tu, na mama atamsimulia huyo samaki wiki nzima.

"Mtoto yangu naleta samaki! Mafuta yake!"

Mimi nikileta gunia la mchele ananiambia niliweke nyuma ya mlango.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mdogo wangu mwenyewe hakujali. Siku moja alitukuta tunaitazama akaketi kwenye mkeka akikata kucha, wala hakuinua macho. "Mama, zima hiyo kitu. Mimi nilikuwa nimenona kama nini," alisema. Mama akacheka. Nilimtazama yule dada yangu na kucha zake nikasikia mwili unaniwaka. Mtu anapewa kitu ninachokililia mimi, na yeye anakikanyaga akienda kunawa mikono.

Halafu deki ya mama ikafa. Ilikuwa imeanza kumeza sidi na kuzitafuna, mchana mmoja ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Nilizunguka mjini kutafuta nyingine, na wauzaji wakanitazama kama ninayetafuta mafuta ya taa. Siku hizi watu wanatazama kwenye flashi na simu. Dukani kwetu Kikuubo, tunakouza vikombe na sahani za plastiki kwa jumla, kulikuwa na laptop ya ziada isiyotumika, bosi akaniachia. Lakini laptop haikuwa na tundu la sidi. Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta aliyeweka meza yake chini ya ngazi za jengo letu, na zile sidi mbili zikiwa kwenye mkebe wa biskuti, na mama mwenyewe nyuma yangu, kwa sababu hakutaka mkebe ule utoke nyumbani bila yeye.

Fundi alitaka kuzigeuza ziwe video za kawaida kama za simu. Mama alikataa kabla hajamaliza kusema. Alitaka ule ukurasa wa mwanzo wenye maua na muziki, pale unapochagua: kuingia kwa wageni, kupiga magoti, zawadi, chakula, keki. Hiyo ndiyo sidi, alisema. Isiyo na maua ni sinema ya watu.

Basi fundi akatengeneza kitu alichokiita imeji. Sidi nzima, pamoja na maua yake na mbuzi wake, inanakiliwa ikawa faili moja zito. Kisha akaweka programu inayoiambia kompyuta kwamba ina deki, na deki haipo. Yeye aliiita deki hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaopokea mshahara na hakuna aliyewahi kuwaona kazini. Unaichomeka imeji kwenye deki hewa, kompyuta inaamini umeingiza sidi. Ukimaliza unaichomoa, na faili linabaki palepale lilipokuwa, halikwaruziki wala haliingii vumbi.

Niliomba deki hewa mbili ili mama asihangaike kuchomeka na kuchomoa, na kompyuta ikazipa majina ya herufi, F na G. F nikaichomekea yangu, na G ya mdogo wangu. Yangu niliiweka F kwa makusudi kabisa, kwa sababu F inatangulia. Nilidhani mama, ambaye hakusoma sana, atabonyeza ya kwanza anayoiona.

Siku ya kwanza tu alijua G iko wapi.

Alijifunza haraka, sikatai. Kabla ya kuanza aliifuta laptop ubavuni kwa ncha ya kitenge, mahali ambapo tundu lingekuwepo kama lingekuwepo. Akimaliza alibonyeza kuchomoa, kisha akakinga kiganja pale ubavuni akisubiri sidi itoke, mazoea ya deki ya zamani. Isipotoka alisema, "Imemeza," akafunga kifuniko. Sikumrekebisha. Nilikuwa na mambo yangu rohoni.

Ikaja Jumapili moja wakatutembelea wanawake wawili, majirani zetu wa zamani kambini. Hawa walimjua baba. Walikuwepo kwenye kwanjula yangu, wamekula, wamecheza. Nikasema leo mama hana ujanja. Wakati anawaletea maji ya kunawa nilifungua laptop mimi mwenyewe, nikabonyeza F, na ule wimbo wangu wa kwanza ukajaa sebuleni. Wageni wakapiga makofi. "Banange, sajenti huyo!" mmoja akasema alipomwona baba. Nilijisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mama akaingia na birika. Akasimama.

"Si hiyo," akasema.

"Mama, hii pia ni nzuri. Baba yuko."

"Najua baba yenu iko. Toa. Weka ile ya mdogo yako."

"Lakini wageni wameshaanza kutazama."

"Hawa iko wageni yangu ama yako?"

Nikachomoa. Hata haikuhitajika kuchomoa, ingetosha kubonyeza G, lakini niliichomoa F kwa hasira kama mtu anayeondoa sahani mezani kabla watu hawajashiba. Mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo, tone likakaa mahali pake, na yule mgeni akauliza, "Harafu huyu kichwa yake inafura nini?" Wakacheka wote. Mama alicheka kuliko wote, amesogeza kiti karibu, kitenge magotini, macho hayabanduki. Nilikuwa namwangalia yeye, siangalii laptop. Sikumbuki mama kunitazama mimi hivyo hata siku moja. Niliaga mapema, nikasema kichwa kinaniuma, na kwenye boda nililia kimya kimya ndani ya helmeti ya watu.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, nina kazi, na bado nilikuwa nataka mama anitazame. Jambo hilo halina umri. Wanaosema wivu wa ndugu ni wa utotoni hawajawahi kukalishwa kwenye kochi kuangalia mwenzao akishangiliwa.

Kisha programu yenyewe ikaniletea bahati. Kumbe ile ya fundi ilikuwa ya kujaribu, na muda wa bure ulipokwisha ikaruhusu deki hewa moja tu. F ikabaki. G ikapotea. Na kila laptop ilipowashwa ilijichomeka imeji yangu yenyewe, bila kuulizwa. Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani, wachukuzi wanapita na maboksi wakiomba njia, ikabidi nizibe sikio moja.

"Ile G haiko."

"Haiko vipi?"

"Haiko. Iko F peke yake. Sidi ya mdogo yako imepotea."

Nilijua mara moja kilichotokea, na nilijua dawa yake. Faili lilikuwa salama. Angechomoa yangu, achague ile nyingine, aichomeke kwenye F, basi. Angeweza kabisa. Nikamwambia sidi haijapotea, nitakuja Jumapili kutengeneza.

"Jumapili iko mbali."

"Wiki hii uangalie ya kwangu kwanza."

Nilisikia redio yake nyuma.

"Kale, sawa," akasema, "naangalia ya kwako."

Wiki ile nilifanya kazi kwa moyo mweupe. Nilipanga vikombe kwa rangi bila kuambiwa. Nilijiwazia sebule ya Kibuli, majirani wamejaa, na mimi kwenye kioo natoka na vazi la pili, lile la kijani, napiga magoti bila kuyumba. Niliwaza mama atakavyosema: kumbe hii ndiyo nzuri, nilikuwa nimeisahau. Niliitunga sentensi hiyo mara nyingi, kila mara kwa sauti yake. Jumapili nikavaa hereni, nikanunua ngege, tena wawili, nikapanda kilima.

Nilimkuta peke yake. Amevaa miwani, ameinama kwenye laptop mpaka pua inakaribia kioo. Imeji yangu ilikuwa inacheza bila sauti. Alikuwa anaisimamisha, anasogea mbele kidogo, anaisimamisha tena. Nilifurahi nikasimama mlangoni nimtazame anavyonitazama.

Halafu nikaona kwamba hanitazami. Mimi nilikuwa katikati ya kioo, na vazi la kijani, na macho yake yalikuwa kwenye kona.

"Mama, unatafuta nini?"

"Mimi," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza tena.

"Nimetafuta wiki mzima mahali mimi niko. Sioni." Aliongea kama anayetafuta ufunguo, hakuwa na kinyongo. "Wewe najua hii kompyuta. Tafuta."

Nikaketi. Nilikuwa bado na samaki mkononi. Mama akavua miwani, akaipangusa kwa kitenge, akanisimulia kitu ambacho sehemu yake niliijua na sehemu yake nilikuwa siijui. Kwamba siku ile alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, hilo nililijua. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema mwenye kiti ameshafika kutoka Arua, na mama alisema ni sawa, chakula nacho kinataka mtu wa kukisimamia. Alipika tangu alfajiri. Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba baba alikuwa amemnunulia gomesi. Ya bluu. Alikuwa ameivaa tangu asubuhi, humo humo jikoni kwenye moshi, amefunga leso mbili juu yake isiingie masizi, kwa sababu alidhani saa ya picha ya familia watakuja kumwita.

"Hawakuita," akasema. "Mimi najua, watu walikuwa mingi. Lakini nafikiri ile kamera ilipita jikoni. Mtu moja alipita na taa."

Nikaufungua ule ukurasa wa maua, nikabonyeza chakula. Nilikuwa nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi nikingoja tu ifike pale ninapomlisha mume wangu keki. Sasa nilipita polepole, picha baada ya picha. Meza ndefu. Wageni wanapanga foleni. Mama mkubwa anapakuliwa wa kwanza, dhahabu tupu. Halafu, nyuma ya bega la mpakuaji, mkono unatua luwombo la kuku mezani, lililofungwa vizuri ndani ya jani la mgomba, na juu ya kifundo cha mkono inaonekana ncha ya kitambaa cha bluu. Mkono unaondoka.

Nikasimamisha. "Huo hapo."

Mama alisogea. Alivaa miwani tena. Alicheka kidogo, akagusa kioo kwa kidole.

"Ee. Ni mkono yangu."

Mimi ndiye niliyekaa pale nikiuangalia mkono ule. Katika sidi yangu nzima, na kamera zake mbili, na ngazi yake, na mavazi yangu matatu, mama yangu ni mkono mmoja uliotua chakula ukaondoka. Nilikuwa nimeiangalia miaka yote hiyo nikijitafuta mimi, na kila mara nilijipata, kwa hiyo sikuona upungufu wowote.

Nikaichomoa yangu. Nikachagua lile faili lingine, nikalichomeka kwenye F. Mvua ikaanza, na tone likakaa kushoto. Tuliitazama bega kwa bega, mimi na yeye, samaki nikiwa nimewaweka sakafuni. Kwa mara ya kwanza niliona kile alichokuwa anakitazama. Baba mdogo anakwenda mlangoni, anamshika mama mkono, anamleta mbele ya watu wote chini ya hema linalovuja. Gomesi ya bluu, mabega juu, imepigwa pasi mpaka mikunjo yake imesimama. Anapita kwenye tone, kichwa kinavimba kama cha kila mtu, anatokea upande wa pili ni yeye mwenyewe. Anaketi. Msemaji, jenereta ikiwa imezimika, anapaza sauti iliyokauka: "Huyu ndiye mama wa binti!" Na mdogo wangu, aliyenona kama nini, anapiga magoti kwenye mkeka uliolowa, mbele yake, na mama anainama anamshika mashavu.

Ningependa kusema kwamba wivu uliniisha hapo. Haukuisha. Ulizidi, tena sasa nilijua unauma wapi. Mdogo wangu alimpigia magoti mama yake. Mimi, na hereni zangu na ng'ombe wangu mwenye utepe, niliwapigia magoti baba na mwanamke aliyeshuka kwenye basi siku moja kabla, ambaye aliniwekea mkono kichwani, kisha akamgeukia shangazi kumwuliza mimi naitwa nani. Hilo nalo liko kwenye sidi yangu. Linaonekana wazi, kamera zilikuwa nzuri.

"Rudisha kidogo," mama akasema. "Pale mimi naingia."

Nikarudisha.